Shamba Lililopuliziwa Nikiwa Eda

Jumatano, tarehe tisa Aprili, mume wangu alifariki. Aliswali alfajiri, akarudi kitandani akisema mgongo unamuuma, na nilipompelekea chai nikakuta amekwisha kwenda. Tulimzika siku hiyohiyo alasiri, hapahapa Kigombe, mvua ikinyesha. Huyo ndiye niliyempoteza kwanza. Kingine kilipotea katika miezi minne na siku kumi iliyofuata, nikiwa ndani nimekaa eda, na sikujua mpaka nilipotoka.

Hicho kingine ni shamba. Halikuuzwa wala halikuporwa. Lipo palepale, ekari moja kasoro, ng'ambo ya barabara ya Pangani, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Nikisema limepotea, watu hunitazama kama mtu aliyechanganywa na msiba. Mimi nimeishia darasa la saba na si mwandishi, lakini nimeona heri nieleze polepole, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Sisi tulikuwa tunalima mboga za kilimo hai. Bilinganya, bamia, mchicha, nyanya chungu. Hatuweki mbolea ya dukani, hatupulizii dawa ya wadudu wala ya magugu. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kulima na kumwachia Mungu, kisha wanashangaa kwa nini fungu letu la mchicha ni ghali kuliko la sokoni, wakati sisi hatujanunua kitu. Hata mimi mwanzo nilifikiri hivyo. Mume wangu alipoingia kwenye kikundi nilimwambia, "Afadhali, hela ya dawa itabaki nyumbani." Akanijibu, "Itabaki, lakini wewe na mimi hatutabaki nyumbani."

Ilikuwa kweli. Adui wetu mkubwa alikuwa ndago, lile gugu lenye vipunje mizizini. Ukiikata kwa jembe unaipandikiza, kwa hiyo tulikuwa tunachimbua kwa kijiti, moja moja, na kutoa kile kipunje cha chini. Palizi moja ilituchukua wiki mbili, na tukifika mwisho wa shamba, mwanzo umeshachipua. Samadi ya mbuzi tuliichanganya na mwani ulioletwa ufukweni na maji, lakini mwani lazima unyeshewe kwanza chumvi itoke, halafu uoze, kwa hiyo lundo la mwaka huu lilikuwa la kulisha mboga za mwaka ujao. Upande wa jirani, ambaye anapulizia mahindi yake, tuliacha ukanda wa nyasi ndefu za mabingobingo ili dawa yake isitufikie. Ukanda ule ni ardhi yetu, lakini hatukuwahi kuuza kitu kutoka hapo zaidi ya majani ya ng'ombe. Na kila msimu kipande kimoja kilipumzika, tunapanda kunde na kuzifukia zikiwa bado changa. Mama yangu aliponiona nafukia kunde zenye maua alikaa chini akashika kichwa.

Wadudu tulikuwa tunawatoa kwa mkono, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mstari mmoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, kila mtu na kopo lake lenye maji ya sabuni. Tulikuwa tunaenda sambamba. Majani yakiwa marefu sikumwona, nilisikia tu kopo lake. Hata kuchuma tulichuma hivyohivyo. Ndoo nne zikijaa, moja ilikuwa ya mboga zilizotobolewa na wadudu, hiyo tulikula sisi na mbuzi.

Jumamosi tulikuwa na meza Tanga mjini, sisi na wenzetu wa kikundi, kwa zamu. Alikuwapo mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa Nguvumali, mama mtu mzima mwenye kikapu cha ukindu. Hakukosa hata wiki moja, na hakukosa kugombana.

"Shikamoo mwalimu," mume wangu alikuwa akimwamkia.

"Marahaba. Fungu hili bei ileile ya wiki jana?"

"Ileile."

"Kule sokoni kwa bei hiyo napata mafungu mawili na salamu juu."

"Salamu hata mimi nitakupa bure, mwalimu."

"Mchicha wako umesoma mpaka wapi, kwani?"

"Darasa la saba kama sisi. Ila haujawahi kunywa dawa."

"Mimi nakunywa dawa za presha asubuhi na jioni, mbona sijapanda bei?"

Mume wangu akicheka alikuwa anashika meza. Halafu alimweleza kwa upole, kama vile hajawahi kumweleza: "Mwenzangu wa sokoni anapalilia kwa asubuhi moja, bomba la dawa mgongoni. Mimi na huyu mama wiki mbili, magoti chini. Unalipa magoti yetu, mwalimu." Na mwalimu alikuwa analipa, huku anasema kwamba magoti ya watu wa Kigombe yana thamani kuliko nyumba yake.

Niseme na habari ya kikundi, maana ndipo jambo lilipokwama. Tuko wakulima kumi na wawili. Tuna karatasi inayotambua kwamba mboga zetu ni safi, lakini hakuna bwana mkubwa anayekaa mashambani kutuchunga. Tunachungana wenyewe. Mara mbili kwa mwaka tunatembelea mashamba yote, tunazunguka mipaka, tunaingia stoo, tunachungulia lundo la mboji, halafu kila mmoja anasema mbele ya wenzake kwamba shamba hili ni safi na anaweka sahihi. Ikigundulika mmoja amepulizia na wengine wamemficha, karatasi inaondoka kwa wote. Shamba lililopuliziwa linakaa nje miaka mitatu. Siku zile za ukaguzi ni siku za kazi ambazo hazilipwi na mtu. Nazo zimo ndani ya lile fungu la mchicha.

Basi mume wangu akafa masika yakiwa yamekolea, wakati ambao ukilala siku mbili ndago inakuzidi. Nami nikaingia ndani. Wifi yangu, dada yake marehemu, alikuja kukaa nami. Nilikaa chumba cha uani, nikaona jua kwa kipande kilichoingia dirishani. Sikuwa na mwili wa kulia sana. Nilichokuwa nafanya ni kuhesabu, sasa mchicha umefika kuchumwa, sasa bamia zinakomaa, sasa zimeshakuwa ngumu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anaendesha bodaboda. Ndiye aliyejitwika shamba, bila kuombwa na mtu. Alikuwa akija barazani kutoa taarifa, na mimi namjibu kutoka ndani, mlango umerudishwa.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Kule kukoje?"

"Ndago ile si mchezo. Marehemu alikuwa anaipa nini, uji?"

Wifi alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba.

"Ipalilie kidogo kidogo," nikamwambia. "Hata mstari mmoja kwa siku."

"Niachie mimi."

Sikumwambia asipulizie. Nimerudi kwenye maneno yale mara nyingi, na hilo sikulisema. Nilidhani anajua, kwa kuwa kaka yake alikuwa haongei kingine. Lakini yeye alikuwa akimsikia kaka yake kama tunavyomsikia mtu wa nyumbani, sikio moja.

Mwezi wa sita alikuja kwa furaha. "Shemeji, shamba lako sasa hivi hata sindano ikianguka utaiona." Nilimwombea dua siku ile, yeye na watoto wake. Bilinganya zilipokuwa tayari alizichuma mwenyewe, na mwenyekiti wetu akawa anazipeleka mezani Tanga pamoja na za kwake. Mwenyekiti ni mama wa Kilutheri, wazazi wake waliteremka kutoka Ushambaani kuja kukata mkonge, na aliponiletea mauzo alikuwa anaacha bahasha kwa wifi, anaimba kidogo wimbo wa kanisani pale uani ili nijue ni yeye, anaondoka.

Nilitoka eda katikati ya mwezi wa nane. Walinifanyia yanayofanywa, nikavaa nguo nyingine, na kesho yake asubuhi nikaenda shamba peke yangu.

Nilifurahi nilipolitazama kwa mbali. Kisha nikafika kwenye mpaka. Magugu yaliyong'olewa hulala chini, mizizi juu. Yale yalikuwa yamekufa yamesimama, rangi moja ya manjano, kutoka kona hadi kona. Katikati ya mistari ardhi ilikuwa ngumu, haina hata jani moja bichi. Majani ya chini ya bilinganya yalikuwa yamejikunja upande mmoja, ule uliofikiwa na upepo. Nilikaa kwenye kopo nililokwenda nalo, nikiwa nimeligeuza. Nilikaa muda mrefu. Watu waliopita barabarani waliniona wakadhani namlilia mume wangu, na mmoja alinipa pole.

Shemeji nilimkuta kijiweni akifuta pikipiki.

"Shemeji, ulipulizia?"

"Mara mbili," akasema, tena kwa fahari. "Siku ya kwanza nilichukua kijiti kama marehemu. Nimechimbua mpaka saa nne, nimemaliza mstari mmoja. Nikiangalia mbele, shamba kama linafika Ushongo. Nikasema hapana. Nikaazima bomba, dawa nikanunua kwa hela yangu."

"Kaka yako alikuwa hapulizii."

"Kaka alikuwa na wewe. Mimi nilikuwa na nani?"



"Na nani atajua?" akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Vuli ikinyesha, majani yataota upya. Shemeji, nisingeacha shamba la kaka yangu liwe pori huku wewe uko ndani. Watu wangesema nini?"

Nilimshukuru. Nilimaanisha. Alikuwa ametoa asubuhi zake na fedha yake, na kosa alilolifanya angelifanya ndugu yeyote wa hapa anayempenda mfiwa. Kumwachia mjane pori ni aibu. Bomba si aibu kwa mtu.

Ukaguzi ulikuwa umebakiza siku kumi. Siku zile nilianza tena kwenda shamba asubuhi, na ndipo nilipojua upweke ni kitu gani. Kwenye maziko kulikuwa na watu, na kwenye eda alikuwapo wifi. Lakini pale nilikuwa nafika mwisho wa mstari na kopo langu, halafu nageuka, narudi upande wa pili wa mstari uleule, upande wake. Kila mstari mara mbili. Jua linakuwa kali kabla sijafika nusu. Hata kwa hesabu ya darasa la saba ningeona kwamba bei ya zamani sasa ilikuwa ndogo kwangu, ingepaswa kuwa maradufu, na hakuna ambaye angeilipa.

Na nikinyamaza, bei ya zamani ningebaki nayo. Nilijua hilo vizuri. Nilijua pia kwamba wenzangu watakuja, watazunguka kwa heshima ya msiba, hawatainama sana, na wote kumi na mmoja wataweka sahihi zao chini ya jina la mume wangu. Hapo ndipo paliponishinda. Kama ingekuwa sahihi yangu peke yangu, sijui. Sitaki kujisifia kitu ambacho sijakipima.

Tulikutana ofisi ya kijiji, kwenye benchi mbili. Nikasimama kabla hawajaanza kupanga safari ya mashamba.

"La kwangu msiende," nikasema. "Lilipuliziwa nikiwa eda. Mara mbili. Na zile bilinganya zilizokwenda Tanga zilitoka humo."

Mwenyekiti alishika shavu.

"Ungenyamaza tu, dada," akasema mwishowe, na nadhani hakukusudia kulisema kwa sauti.

Mzee mmoja akauliza, "Nani alipulizia?"

Ningeweza kusema mtu. Ningeweza kusema kibarua. "Shemeji yangu," nikasema. "Alikuwa ananisaidia."

Mzee akatikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi wanataka kulima kwa kukimbia. Mwingine akacheka. Mimi sikucheka, lakini maneno yalishatoka, na kijiji chetu si kikubwa.

Waliniuliza kama kipande kile kilichopumzika na kunde nacho kilipuliziwa. Nacho. Wakaandika. Miaka mitatu. Karatasi ya kikundi ilibaki kwa sababu tulitoa taarifa wenyewe, na bilinganya zangu hazingewekwa tena juu ya meza ile. Waliniambia naweza kuendelea kuwa mwanachama. Mwenyekiti alinisindikiza hadi njia panda, anataka kusema neno, mwisho akaniambia nisiache kula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Tanga, nikatandika gunia langu upande wa pili wa barabara, mbali na meza yetu, nikauza kwa bei ya sokoni. Mwalimu aliniona, akavuka na kikapu chake.

"Pole mwanangu. Nilisikia ya mzee. Mbona umekaa huku kama mtu aliyefukuzwa darasani?" Akachukua bilinganya, akauliza bei. Nilipomtajia hakufurahi, akairudisha polepole. "Kuna nini? Zimeoza?"

"Hazijaoza, mwalimu. Shamba limepuliziwa dawa ya magugu. Hata zile ulizonunua tangu mwezi wa saba, kama ulichukua bilinganya pale mezani, zilikuwa zangu. Nisamehe."

Aliweka kikapu chini.

"Mimi nilipika zile," akasema. "Nilimpa na mjukuu."

"Najua."

"Na nililipa bei ya magoti."

Nikamwambia nitamrudishia. Alikataa kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. "Ungenidanganya tu, mwanangu. Sasa nimekosa pa kununua." Alichukua mbili, ambapo zamani alikuwa anachukua sita, akalipa bila kubishana. Sikuwahi kumwona ananunua bila kubishana. Niliuza zote siku ile kabla ya adhuhuri, maana bei ilikuwa ndogo, na nilichopata hakikufika nusu ya tulichokuwa tunapata kwa ndoo zilezile.

Shamba nalichimbua kwa kijiti, kama zamani. Wifi ananiuliza kwa nini nisiazime bomba sasa, kwa kuwa bei ni ileile miaka mitatu hii. Namwambia miaka mitatu inahesabiwa tangu dawa ya mwisho, nikipulizia tena inaanza upya. Hilo analielewa. Ninamaliza mstari mmoja na robo kwa siku.

Shemeji aliacha kuja barazani. Sikumlaumu. Nilisikia kwamba kijiweni wanamtania, wanamwita bwana shamba, wanamwomba awapulizie vichwa vyao vyenye mvi. Aliniletea neno kupitia kwa mkewe: "Mwambie alinitaja mbele za watu kama mwizi." Nilikwenda kwake mara mbili, nikaambiwa hayupo, na pikipiki ipo nje.

Juzi Jumamosi nilikuwa na ndoo mbili za bilinganya na gunia la bamia, nataka kuwahi gari la Tanga. Nilikwenda kijiweni. Bodaboda wana zamu yao, na zamu ilikuwa yake. Wenzake wakageuka kutuangalia. Ningeweza kusubiri wa pili, na yeye angeweza kumpisha. Alishuka, akafunga ndoo zangu kwa mpira, akajaribu kuzitikisa kuona kama zimeshika, akaniambia nipande.

Tulipofika kituoni aliteremsha mzigo, ndoo moja, ndoo ya pili, gunia, akavipanga kivulini.

"Shemeji," nikasema, "sikukusudia kukuvunjia heshima. Waliniuliza, nikajibu."

"Gari lako lile linakuja," akasema.

Nikafungua pindo la khanga, nikatoa noti, nikamnyooshea. Tangu nilipoolewa katika nyumba yao hajawahi kupokea nauli yangu; huwa anausukuma mkono wangu anasema nitampikia. Aliipokea. Akaingiza mkono mfukoni, akatafuta, akanirudishia chenji.